Mashine Iliyomsomea Mwalimu Ndolo

Kituo chetu kilikuwa na nembo ya chuo kikuu kwenye barua, lakini ukifika ungeona nyumba ndefu ya mabati nje kidogo ya mji wa Kitui, mbuzi wa watu wakijikuna kwenye ukuta wake. Walimu wa shule za msingi walikuja kwetu likizo zikifika, kutoka Mutomo, Mwingi, hata Nunguni kule milimani, wakasoma digrii zao polepole, kidogo kila mwaka, kama mtu anayejenga nyumba ya mawe kwa mshahara wa ualimu. Kulikuwa na chumba kimoja chenye vyuma madirishani. Hicho kiliitwa maabara ya kompyuta, na mimi ndiye niliyekaa ndani yake. Kwenye barua ya ajira nilikuwa mpiga chapa daraja la pili, na mpaka leo wako wanaonijia na karatasi mkononi wakitaka niwapigie chapa.

Naitwa Wariara. Baba yangu alitoka Murang'a akafungua duka la misumari na mabati Makindu, huku huku Ukambani, nami nikazaliwa hapo. Jikoni tuliongea Kikuyu, nje tukaongea Kikamba, na Kiswahili kilikuwa cha wateja. Watu wa makao makuu Nairobi walidhani nimetumwa Kitui kama adhabu. Hawakuelewa kwamba kwangu Nairobi ndiyo ingekuwa ugenini.

Kompyuta zetu tulipewa na wafadhili, na zilikuja zimekwisha tumika. Programu zake zilikuwa za kunakiliwa mjini, mtu anampa mtu, na kila diski iliyoingia ilikuja na virusi vyake. Kila muhula kulikuwa na mwalimu aliyelia mbele yangu kwa sababu kazi yake ya mwaka mzima imeliwa. Pesa za leseni hazikuwapo na hakuna aliyejifanya zipo. Basi siku moja mhadhiri mgeni akaniachia diski iliyobandikwa kwenye gazeti la kompyuta, akasema, "Jaribu hii, Wariara. Inaitwa Linux. Ni halali, na hudaiwi kitu." Mvua zilikuwa zimefunga barabara na kituo kilikuwa kitupu. Niliijaribu. Nikaharibu mashine moja, nikaijaribu tena, na kabla barabara hazijakauka mashine zote zilikuwa zinaitumia.

Kilichonishika hakikuwa kwamba ni ya bure. Ni kwamba ilikuwa wazi. Maandishi yaliyoiunda, yale ya ndani kabisa ambayo wenye programu nyingine huyaficha, yalikuwa palepale kwenye diski, na mtu aliyeyaandika alikuwa amekuruhusu uyasome na uyabadilishe. Ilikuwa kama kuingia jikoni kwa jirani na kuambiwa onja, kama haina chumvi tia. Mimi sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote wa chuo kikuu.

Lakini kioo chake kilikuwa cheusi, na herufi nyeupe. Daktari Mbugua, mkuu wa kituo, alisimama mlangoni siku ya kwanza akakitazama kwa muda.

"Hii imekufa, Wariara?"

"Inafanya kazi, Daktari."

"Mbona imekuwa nyeusi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye neno bure akatikisa kichwa. "Rahisi ni ghali," akasema, na tangu siku hiyo akawa anaisema kila umeme ulipokatika, kila simu ilipokufa, hata siku choo kilipoziba. Makao makuu nao waliandika kwamba ripoti zangu zinafika na herufi za ajabu, kwa nini nisitumie programu wanazotumia wenzangu. Nilijibu mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa ufupi, kisha nikaacha kujibu. Mtu huchoka. Hakuna anayekukataza kazi yako waziwazi, ila kila anayepita anataka umweleze upya kwa nini unaifanya.

Ndolo ndiye aliyenifanya nisiiache.

Mwalimu Ndolo alifundisha historia katika shule moja ya msingi karibu na Mutomo. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Alisoma shule ya vipofu, akasomea ualimu, na alikuwa na kumbukumbu ya kuogopesha: ukimtajia sura ya kitabu anakwambia ilivyoanza. Kila likizo alikuja kituoni ameshika bega la mkewe, Nzilani. Nzilani aliachia shule darasa la saba, lakini alikuwa amemsomea mumewe digrii nzima kwa sauti. Waliketi kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, yeye akisoma vitini vya chuo, Ndolo akisikiliza kichwa kimeinama. Alisoma Kiingereza neno kwa neno, maneno mengine asiyoyajua hata kidogo. Akifika kwenye neno gumu alilitamka herufi moja moja, na mumewe akamalizia. Nilipowajua, sauti ya Nzilani ilikuwa imeshakwaruza. Muuguzi alimwambia aipumzishe. Yeye akanywa maji ya tangawizi akaendelea.

Tatizo lao kubwa lilikuwa mtihani. Kanuni za chuo zilisema mtahiniwa asiyeona asomewe maswali na aandikiwe majibu na mtu wa kituo, wala si jamaa yake. Mtu wa kituo alikuwa Jonah, karani wetu. Jonah ni mtu mwema, shemasi kanisani kwake, na ubaya wote wa jambo hili ulitokana na wema huo. Ndolo alipotamka jibu, Jonah aliliandika jinsi alivyoona linafaa. Alifupisha. Aliondoa alichodhani Mwalimu amekosea, akaweka alichokumbuka yeye kutoka sekondari. Hakujua kwamba amefanya vibaya. Matokeo ya karatasi ya mwisho, historia ya Afrika, yalirudi na alama ya kufeli, na kanuni zilimruhusu Ndolo kurudia mara moja tu.

Alikuja kwangu, akasimama mlangoni na mkono kwenye mwimo.

"Madam," akaniambia, "nimefeli mtihani na sijui ni nini iliandikwa ndani. Mimi sitaki kusaidiwa kupita. Nataka kuandika na mkono yangu, nisomewe nilichoandika, nikikosea ikuwe ni mimi nimekosea. Inawezekana ama haiwezekani?"

Taipureta aliijua, walimfundisha shuleni, lakini taipureta haimsomei mtu alichopiga. Nikamwambia anipe muda. Kwenye ile diski kulikuwa na programu ya kusema. Unaipa maandishi, inayatoa kwa sauti kupitia spika. Nilinunua kadi ya sauti kwa fundi mmoja mjini, nikaifunga kwenye mashine iliyokuwa na nguvu kuliko nyingine, na programu ikazungumza. Kiingereza ilikijua. Tulipoipa Kiswahili ilitamka maji kama jina la mzungu.

Ndolo alicheka hadi akashika meza. "Hii inaongea kama sister wa mission amefika jana."

Basi tukaifundisha, maana historia ya Afrika imejaa majina na maneno ya kwetu. Sheria za matamshi zilikuwa kwenye faili la kawaida, yeyote angeweza kulifungua. Mimi nilibadilisha, yeye akasikiliza. A haikufunguka vizuri, tukairudia. Ng' ilitushinda kabisa, ng'ombe akabaki anaitwa kitu kingine, tukamwacha hivyo. Likizo ile nilikuwa nafika nyumbani jioni masikio yakivuma, na sikumbuki kipindi nilichokuwa na raha kazini kuliko hicho. Mhadhiri wa historia, kwa huruma yake, alinipa vitini vyake vyote kwenye diski. Nikavichuja nikatoa maandishi matupu, na mashine ikaanza kumsomea Mwalimu.

Siku ya kwanza iliyomsomea, Nzilani alikaa kidogo akisikiliza kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa ameshika kitini chake mapajani, tayari, endapo mashine ingekwama. Haikukwama. Nilipotoka kwenda kunywa chai nilimkuta amelala kwenye benchi, mdomo wazi kidogo, viatu vimemtoka miguuni. Hakuna aliyemwamsha. Kuanzia hapo alikuja na kroshia yake na nyuzi za sufu. Alifuma mchana kutwa bila kusema neno, na wiki baada ya wiki sauti yake ikaanza kurudi.

Kuandikiana na makao makuu kulichukua mwaka. Sitawachosha. Mwishowe, mapema mwaka tisini na tisa, ofisi ya mitihani ilikubali kwa masharti: Ndolo angefanya mtihani kwa mashine mwezi wa Aprili, afisa wao angekuja na maswali kwenye diski, angekaa chumbani peke yake na mtahiniwa, na mtu mwingine asingeingia. Kama ingekwenda vizuri, wangeiruhusu mashine hiyo kwa wasioona wote wa vituo vya nje. Kama isingekwenda vizuri, barua ilisema, kituo kingefuata utaratibu wa wenzake. Nilijua maana yake. Mwaka huo wote walikuwa wanazungumzia mwaka elfu mbili na kompyuta za zamani zitakazokufa tarehe ikibadilika, na chuo kilikuwa kinanunua kompyuta mpya zenye leseni kwa vituo vyote. Sisi tu ndio tuliokuwa tumesimama kando.

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kituoni kwetu mgeni akija mwenyeji hapumui. Jonah alipaka mawe ya njia chokaa. Daktari Mbugua alinunua mbuzi. Mabenchi yalitolewa nje yakasuguliwa, sakafu ikapigwa deki mara mbili, mapazia yakafuliwa. Mimi niliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu asiguse mashine yangu, na waliniheshimu. Nikaiwasha asubuhi na mapema, nikajaribu sauti, nikaiacha inanguruma nikaenda getini kumpokea mgeni.

Bwana Kinuthia wa ofisi ya mitihani alikuwa mtu mzima wa mwendo wa taratibu, macho mekundu kwa vumbi. Alitusalimia wote kwa mkono. Akakataa chai mpaka kazi iishe. Nilipofika naye mlangoni mwa maabara, Nzilani alikuwa anatoka, ameshamketisha mumewe. Aliinamisha kichwa kumsalimu mgeni, akanipita akitabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kwake. Kinuthia akaingia na kufunga mlango. Chumba kilikuwa cha mgeni sasa, sikuwa na ruhusa hata ya kuchungulia.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na Nzilani. Sauti ilitufikia kupitia mbao za mlango. Kwanza ilisoma maswali. Kisha tukasikia vidole vya Ndolo kwenye vitufe, harakaharaka, na baada ya kila sentensi ile sauti ya sister wa mission ikamrudishia alichoandika. Aliandika juu ya reli na watu waliong'olewa mashambani mwao ili ipite. Aliandika juu ya njaa na kodi. Mara mbili nilimsikia akisimama, akairudia sentensi, akaibadilisha. Jua lilipanda, mabati yakaanza kulia. Nzilani alifumba macho.

"Unajua, mwaitu," akaniambia, na mwaitu ni mama kwa Kikamba, huitwa hivyo hata mdogo wao wakimheshimu, "mimi nilikuwa nimechoka. Sikumwambia yeye. Mtu hawezi kuambia bwana yake amechoka kuwa macho yake. Hii mashine ilikuja kunipumzisha mimi."

Nikamwambia amelala vizuri zile likizo, akacheka.

Ilikuwa karibu na saa sita sauti ilipokwama. Ilisema nusu ya neno, ikalivuta, ikanyamaza. Vidole vya Ndolo viliendelea kidogo, vikasita. Tulimsikia akigonga kitufe kimoja tena na tena. Kisha mlango ukafunguliwa na Kinuthia akaniita.

Niliingia, nikaona. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa, kioo na sanduku lake pamoja, kitambaa kikubwa cha sufu cha kufuma, maua mekundu na ya manjano, kipana kiasi cha kushuka nyuma hadi mezani. Sehemu ya mbele kilikunjwa vizuri ili kioo kionekane. Kilikuwa kazi nzuri, kazi ya miezi. Najua nyumba zetu. Redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, kochi, meza, hata thermosi ya chai. Kitu cha thamani hakikai uchi mbele ya mgeni, na redio huimba siku nzima chini ya kitambaa chake bila mtu kuona dhara. Nzilani alikuwa amemaliza kukifuma asubuhi ile, akaivika mashine shukrani yake.

Nikaweka mkono juu ya sanduku. Lilikuwa linaunguza. Pangaboi lake la nyuma lilikuwa linavuta sufu badala ya hewa. Vitufe havikuitikia kitu. Taa ya chumba ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme haukuwa sababu, na Kinuthia alikuwa amesimama chini ya taa hiyo akinitazama.

Ndolo alinyosha mkono. Vidole vyake vilifika kwenye kitambaa, vikapita juu ya ua moja, vikapita juu ya jingine, vikahisi joto. Yeye ndiye aliyemshikia mkewe nyuzi jioni zote zile. Niliona uso wake unavyoelewa.

Akaniambia kwa Kikamba, polepole, bila kugeuza kichwa, nisiseme kitambaa. Akasema, "Atakufa na hiyo aibu. Usiseme."

Nilikivua kitambaa, nikakikunja. Kinuthia akauliza, "Shida ni nini, Wariara?"

Nikakikunja kitambaa mara ya pili.

"Kama ni kitu kidogo," akasema, "nitaandika kitu kidogo. Tutapanga siku nyingine, mashine hii hii. Mimi sina haraka ya kumwangusha mtu. Nimemsikiliza asubuhi yote, anaandika vizuri."

Kwa maneno hayo alikuwa ananipa mkono anivute nitoke. Alikuwa Mkikuyu, na Kikuyu na Kikamba ni lugha ndugu; mpaka leo sijui kama yule mzee hakusikia alichoniambia Ndolo. Nikatazama mlangoni. Nzilani alikuwa amesimama pale, kroshia bado mkononi, macho yake kwa mumewe, hajui lolote, anangoja aambiwe itatengenezwa. Nikamtazama Ndolo. Alikuwa ameweka mikono miwili mapajani kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

"Ni programu," nikasema. "Imeshindwa."

"Una uhakika?"

"Ndiyo."

Nilisema hivyo juu ya kitu pekee nilichowahi kukifanya vizuri katika kazi ile, na kilikuwa hakijashindwa. Nilikuwa na hasira na Ndolo, na Nzilani, na Jonah na wema wake, na mabati yale, na hasira hiyo sikuwa na pa kuipeleka. Kinuthia akaandika. Karatasi isiyokamilika haihesabiki, akaeleza kwa upole, ila kwa kuwa kosa ni la chombo, Mwalimu atapewa nafasi nyingine Agosti, kwa utaratibu wa kawaida: msomaji na mwandishi. Ndolo aliposikia maneno utaratibu wa kawaida aliinua kichwa.

"Si mashine?"

"Mashine, nimeambiwa, ndiyo imeshindwa," Kinuthia akasema.

Ndolo hakuwa amelifikiria hilo. Nilimwona akilifikiria sasa, na nikamwona akichagua kunyamaza. Nikatoka nje nikampa Nzilani kitambaa chake. "Kimependeza sana, mama," nikamwambia. Akakipokea kwa mikono miwili.

Mbuzi aliliwa. Daktari Mbugua alinisubiri hadi mgeni aondoke. "Nilikwambia," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuimalizia methali yake, labda kwa kuona uso wangu.

Mwezi wa Juni lori la chuo lilikuja. Zile za zamani zilichukuliwa zote, kwa kuwa ni mali ya wafadhili na lazima zirudi stoo, hata ile ya Ndolo. Niliomba ibaki hiyo moja. Niliambiwa niandike barua, nikaandika, na barua ikajibiwa lori likiwa limeshaondoka. Mpya zilikuwa nzuri, kioo cha buluu, kila kitu na leseni yake. Zilikuja zimefungwa kwa nenosiri la makao makuu. Nisingeweza kuongeza hata kikokotoo. Zilikuwa na sauti za kengele mtu akikosea, lakini kusoma hazikuweza. Nilipelekwa Nairobi kwa mafunzo nikapewa cheti. Ile diski ya gazeti ninayo bado nyumbani, na nyumbani sina kompyuta.

Agosti walirudi. Niliwasikia kabla sijawaona, kutoka maabara. Sauti ya Nzilani ilikuwa ukumbini, inasoma juu ya reli. Ilikuwa imekwaruza tena, mbaya kuliko zamani. Alimaliza ukurasa kwa kunong'ona, akafunua mwingine. Nikawapelekea chai. Ndolo alinishukuru, akauliza habari za Makindu, za baba yangu, hatukugusa jambo lile. Halafu Jonah akapita, akamshika mkono kwa adabu yake yote ili amsindikize msalani, na wakaondoka wakizungumza juu ya mtihani wa kesho, Jonah akimwambia asiwe na wasiwasi, atamsaidia.

Nzilani alishika kikombe bila kunywa.

"Nilipeleka redio yetu kwa fundi hapo Mutomo," akasema. "Ilikuwa imechomeka ndani. Akaniuliza, mama, mnafunika hii kitu ikiwa na moto? Nikamwambia ndiyo, sisi wote tunafunika. Akanionyesha vile inachomeka."

Nikakaa karibu naye.

"Ilikuwa kitambaa yangu, si ndiyo?"

"Mwalimu aliniomba nisiseme, mama. Alisema itakuua. Hakutaka uaibike mbele ya watu."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na jambo alilokuwa akilijua. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Nyinyi wawili mlinionea huruma," akasema, na ile sauti ilikatika katikati, akameza, akaianza tena. "Mngesema tu, mwaitu. Aibu ningebeba, ni ya siku moja. Hii kusoma ndiyo siwezi tena."

Tuliwasikia wanaume wakirudi. Alinipa kikombe, chai bado imejaa, akajipangusa mdomo. Ndolo alipoketi na kuuliza wamefika wapi, alifungua kitini, akatafuta mstari kwa kidole, akaanza kumsomea.